Matairi ya Matope kwa Gari la 4x4: Kuyachagua, Kuyafunga na Kuishi Nayo

Tairi la matope halifichiki: meno makubwa yaliyoachana, mapengo ya kupitisha kidole gumba, na vinundu vinavyoshuka ubavuni hadi karibu na rimu. Linavutia macho, na wengi hulinunua kwa mvuto huo tu. Lakini ni tairi linalokudai kila siku ukiwa kwenye lami, kwa kelele, kwa mafuta na kwa breki zinazochelewa kushika wakati wa mvua, ili likulipe siku utakapoingia kwenye tope. Kabla ya kutoa pesa, pima kama deni hilo linakufaa. Na ukishayafunga, yapo mambo ambayo muuzaji mara nyingi hayasemi, kubwa kuliko yote likiwa upepo. Nimeona gari lenye matairi ya kawaida na upepo uliopimwa vizuri likivuka mahali ambapo gari lenye matairi makali ya matope, yaliyojazwa upepo wa barabarani, lilikuwa linazungusha magurudumu bure.

Hatua ya 1: Anza na njia unazopita

Dukani kuna familia tatu. HT ni la lami na hupita kwa utulivu. AT ni la mchanganyiko: lami, changarawe, vumbi, na tope jepesi. MT ndilo la matope. Herufi hizo huandikwa ubavuni au hufuata jina la tairi. Usizichanganye na alama ya M+S (tope na theluji kwa Kiingereza), ambayo imo hata kwenye matairi ya kawaida kabisa. Alama hiyo haikuahidi chochote kwenye tope zito.

Kama safari zako nyingi ni za lami na unakutana na tope mara chache kwa mwaka, nunua AT nzuri na ujifunze kucheza na upepo. Nasema hivi nikijua kwamba wengi hawapendi kusikia. MT linastahili pale ambapo njia yako ya kawaida ni udongo wa mfinyanzi, mashamba, misitu au barabara zilizochimbwa na malori, na kukwama kunakugharimu kazi. Linafaa pia kwenye miamba, kwa sababu ubavu wake ni mnene na meno yake hayamegeki haraka. Kwenye mchanga laini lina tabia ya kuchimba badala ya kuelea, ingawa ukipunguza upepo na kukanyaga mafuta taratibu linapita. Kwenye barafu na kwenye lami iliyolowa ndiko linakokuwa dhaifu kabisa.

Jambo jingine la kuchunguza ni jinsi unavyokwama. Ukitoka nje na kukuta difu (boksi la gia lililo katikati ya ekseli) na tumbo la gari vimekalia tope huku magurudumu yananing'inia kwenye mifereji, shida yako ni kimo cha gari. Meno makali hayataiondoa shida hiyo peke yake.

Hatua ya 2: Elewa meno yanavyofanya kazi

Chuchumaa kando ya gurudumu lililotoka topeni uangalie mapengo. Tope la mfinyanzi likijaa na kubaki humo, tairi limegeuka kuwa gurudumu laini la udongo, sawasawa na kipara, hata kama ni jipya. Kwa hiyo kazi ya tairi la matope ni mbili: kuuma, kisha kutema. Gurudumu likizunguka kwa kasi ya kutosha, tope hurushwa nje na meno yanarudi safi kuuma tena.

Ukiwa dukani, angalia kama mapengo ni mapana na yanafunguka kuelekea mabegani mwa tairi, ili tope lipate njia ya kutokea. Angalia kuta za meno: zikiwa zimelala kidogo, tope huachia upesi kuliko zikiwa zimesimama wima. Chini ya mapengo matairi mengi yana vinundu vidogo vya kusukuma mawe yasigande humo. Vinundu vya ubavuni navyo si mapambo. Tairi likizama kwenye mfereji, au likitanuka kwa kupunguziwa upepo, ndivyo vinavyoshika kingo.

Kuna matairi ya mwelekeo mmoja, yenye meno ya umbo la V kama ya trekta. Yakienda mbele hutema vizuri sana, lakini ukirudi nyuma hujikusanyia tope. Na kwa kuwa njia salama ya kutoka kwenye tope mara nyingi ni ile uliyoingilia, kwa mtu wa kawaida napendelea muundo unaofanya kazi pande zote mbili. Magari ya Jeep ya Vita Kuu ya Pili yalitumia matairi membamba ya 6.00-16 yenye meno ya namna hiyo, yanayovuta mbele na nyuma kwa nguvu ileile.

Wembamba huo unatuleta kwenye ubishi usiokwisha: jembamba au pana? Jibu liko chini ya tope. Kama chini kuna ardhi ngumu, tairi jembamba hukata tope likafika kwenye ugumu na kuvuta. Kama tope halina sakafu, tairi pana huelea juu kwa muda mrefu zaidi. Njia nyingi zina sakafu ngumu chini ya tope la kina kidogo, na huko tairi refu jembamba hufanya vizuri kuliko watu wanavyodhani. Linganisha 235/85R16 na 265/75R16: urefu wa yote mawili ni takribani sentimita 80, lakini la kwanza ni jembamba kwa milimita 30. Unapata kimo kilekile bila kusukuma tope jingi mbele ya gari.

Hatua ya 3: Soma ubavu

Chukua mfano wa 265/70R16. Namba 265 ni upana kwa milimita. Namba 70 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana, yaani karibu milimita 186. R ni radial, muundo wa nyuzi za ndani, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Matairi mengine huandikwa kwa inchi tupu, kama 31x10.5R15: urefu inchi 31, upana inchi 10 na nusu, rimu ya inchi 15.

Baada ya hapo huja uwezo wa kubeba na kasi, kwa mfano 121/118Q. Namba 121 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,450. 118 ni kwa gari lenye matairi pacha nyuma. Herufi Q inaruhusu kasi hadi kilomita 160 kwa saa, na ndiyo utakayoikuta kwenye matairi mengi ya matope. Usishuke chini ya uwezo wa kubeba ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, hata kama sura ya tairi imekupendeza.

Kisha plai, yaani tabaka za nyuzi zinazolipa tairi nguvu. C ni plai 6, D ni 8, E ni 10. Siku hizi namba hiyo ni kipimo cha nguvu, haihesabu tabaka halisi za ndani. Watu hukimbilia plai 10 wakiamini kubwa ndiyo bora. Kwa gari zito linalobeba mizigo ni sawa. Kwa gari jepesi ubavu huo ni mgumu mno: unarusha abiria, na hata ukitoa upepo tairi halitanuki, ukawa umepoteza faida kubwa zaidi topeni.

Mwisho tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Tairi likivuka miaka mitano au sita lichunguze kwa makini nyufa ndogo kati ya meno, na watengenezaji wengi wanashauri lisitumike baada ya miaka 10 hata kama meno yamesimama.

Hatua ya 4: Chagua ukubwa kwa hesabu

Tamaa ya kuongeza ukubwa ni ya kawaida, na kidogo inasaidia. Tufanye hesabu. Kutoka 265/70R16 kwenda 285/75R16, urefu wa tairi unatoka milimita 777 kufika 834. Tofauti ni 57, lakini difu inapanda nusu tu ya hapo, yaani kama milimita 28, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Mita ya kasi nayo itakudanganya: ikisoma 100, wewe unakwenda karibu 107. Gia zote zinakuwa nzito, injini inahema kwenye milima, na breki zina kazi kubwa zaidi kusimamisha gurudumu lilelile lililoongezeka uzito.

Kabla ya kukubali ukubwa mpya, omba kujaribisha tairi moja mbele. Kata usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, mbele na nyuma, ukiangalia chasisi, madigadi na kona za bampa. Rudia gurudumu moja likiwa limepanda juu ya jiwe au gogo ili springi ibanwe, maana gari lililosimama tambarare huficha mgusano. Hakikisha pia spea inaingia mahali pake, na kwamba sheria na bima ya kwenu inakubali mabadiliko hayo.

Nunua matano yanayofanana, siyo manne. Kwenye gari linalovuta magurudumu yote, tairi moja lenye kipenyo tofauti huifanya transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) na difu zishindane muda wote, joto linapanda, na matengenezo yake ni ghali kuliko tairi. Spea ya ukubwa wa zamani haikufikishi mbali.

Hatua ya 5: Siku ya kufunga

Dai valvu mpya na balansi ya magurudumu yote matano. Matairi haya ni mazito na mara nyingi huhitaji risasi nyingi (vizito vidogo vya balansi vinavyopigwa kwenye rimu) kuliko ulivyozoea. Pima alaimenti siku hiyohiyo, kwa kuwa magurudumu yaliyopinda kidogo hula meno makubwa upesi ajabu. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kilomita mia chache za mwanzo endesha kwa upole, mpaka ute wa kiwandani uishe juu ya mpira. Jaribu pia jeki yako nyumbani: gari likipanda, jeki fupi huishia hewani.

Hatua ya 6: Upepo, hapa kaa sana

Kibao kilichobandikwa mlangoni kinaeleza upepo wa matairi yaliyokuja na gari. Ukibadili ukubwa au plai, kichukulie kama mahali pa kuanzia. Tafuta upepo wako wa lami hivi: pima asubuhi tairi likiwa baridi, endesha saa moja kwa mwendo wako wa kawaida, simama upime tena papo hapo. Kwa tairi jepesi, ongezeko la karibu PSI 4 (PSI ni kipimo cha upepo, pauni kwa inchi ya mraba) linaonyesha upo mahali pazuri. Kwa tairi zito la plai nyingi, karibu PSI 6. Likipanda zaidi ya hapo, ulianza na upepo mdogo, tairi limejikunja na kuchemka. Likipanda kidogo mno, ulilijaza kupita kiasi. Andika namba uliyoipata, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo, uiweke kwenye gari.

Ukitoka kwenye lami, punguza. Kwenye changarawe na barabara za mawimbi toa karibu robo ya upepo, na gari litaacha kurukaruka. Kwenye miamba, PSI 18 hadi 22 huliruhusu tairi likumbatie jiwe badala ya kudunda juu yake. Kwenye mchanga shuka hadi 15 au 18. Kwenye tope anza na 20 au 22, kisha shuka hadi 18 ukiona halishiki. Hizi ni namba za kuanzia. Gari zito litataka zaidi, na jepesi litakwenda na pungufu.

Sababu ni unyayo wa tairi. Ukitoa upepo, unyayo unarefuka kuliko unavyopanuka, meno mengi zaidi yanagusa ardhi kwa wakati mmoja, na uzito wa gari unasambaa. Tena tairi laini hujikunja na kujinyoosha kila linapozunguka, na mjongeo huo hufungua mapengo na kusaidia kutema udongo. Kuna hali moja ya kuwa macho: tope jembamba la utelezi juu ya ardhi ngumu. Hapo unataka tairi lipenye lifike chini, kwa hiyo usikimbilie kushusha sana.

Chini ya PSI 15, ukiwa na rimu za kawaida, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu, hasa ukikata kona ghafla au ukisukumwa ubavuni na ukingo wa mfereji. Shuka huko ukiwa umekwama tu, jitoe polepole, kisha jaza. Na ukiwa na PSI 18 usizidi kilomita 40 kwa saa. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa huchemka ubavuni, nyuzi za ndani zinaachana, na linaweza kupasuka siku nyingine kabisa, kwenye lami, ukiwa umeshasahau.

Ndiyo maana pampu ya umeme si anasa. Chagua inayochukua umeme moja kwa moja kwenye betri, kwani zile ndogo za tundu la sigara hulemewa na tairi kubwa. Acha injini iungurume wakati wa kujaza. Beba kipima upepo chako mwenyewe na utumie hichohicho kila mara, kwa sababu vipima viwili huweza kutofautiana kwa PSI kadhaa.

Hatua ya 7: Kuingia topeni

Shuka utembee. Chomeka fimbo upime kina na uone kama chini kuna ugumu. Chagua pa kupita na pa kutokea. Kama njia imelowa kiasi kwamba utaacha mifereji itakayowafungia wengine, geuza. Njia hiyo inatumiwa na watu wanaoishi huko.

Ingiza 4L (gia nzito ya magurudumu yote manne) na difu loki (inayofanya magurudumu ya ekseli moja yazunguke pamoja) kabla ya kugusa tope. Kwa gari la gia za mkono, gia ya pili au ya tatu hufaa kuliko ya kwanza, ambayo huzungusha magurudumu ovyo. Shika mwendo mmoja bila kubadilisha gia katikati. Gari likianza kupoteza kasi, ongeza mafuta kidogo ili meno yateme, huku ukichezesha usukani kushoto na kulia kwa pembe ndogo. Meno ya mabegani yatatafuta ukingo mpya wa kuuma, na mara nyingi hapo ndipo gari linapojivuta tena. Lakini likisimama, ondoa mguu mara moja. Kila mzunguko wa ziada unashusha gari kuelekea kwenye difu. Rudi nyuma kwenye nyayo zako mwenyewe, punguza upepo zaidi, ujaribu tena.

Ukishatoka, usirudi kwenye lami kwa kasi. Matairi yamefunikwa udongo na breki zina utelezi. Kanyaga breki mara kadhaa taratibu mpaka uhisi zinashika, na ujaze upepo kabla ya kuongeza mwendo.

Hatua ya 8: Maisha ya kila siku

Kwenye lami iliyolowa, ongeza nafasi kati yako na gari la mbele kuliko ulivyozoea. Meno makubwa yana mpira mchache unaogusa barabara, na mikato midogo ya kukamua maji ni michache. Punguza mwendo kabla ya kona, usisubiri kuwa ndani yake.

Siku moja baada ya tope, gari likianza kutetemeka kwenye mwendo wa kati, usikimbilie kwa fundi wa balansi. Ingiza mkono nyuma ya rimu. Mara nyingi utakuta bonge la udongo lililokauka upande mmoja, zito kuliko risasi zote zilizopigwa hapo. Lioshe lingali bichi, kwa maji mengi kutokea upande wa ndani. Ukiwa huko, angalia mikato ya ubavuni, mawe yaliyobanwa kati ya meno, na valvu.

Kila kilomita 5,000 hadi 8,000 zungusha matairi yote matano, spea ikiwemo. Matairi ya matope hulika bila usawa zaidi kuliko mengine. Pitisha kiganja juu ya meno kuelekea mbele, kisha kuelekea nyuma. Upande mmoja ukiwa laini na mwingine unakwaruza kama msumeno, meno yameanza kulika kwa mshazari, na kelele itaongezeka kila wiki. Ukiwahi kuyahamisha, yanajinyoosha. Ukichelewa, kelele hiyo hubaki mpaka tairi liishe.

Hatua ya 9: Pancha na tairi lililochomoka

Tundu lililo kwenye uso wa meno linazibika kwa kamba ya mpira, na kila gari la njia mbovu libebe vifaa hivyo. Ubavu ukichanika, tairi hilo limekwisha. Tyubu inaweza kukufikisha nyumbani kwa mwendo mdogo, lakini usiifanye kuwa maisha: ndani ya tairi lisilo la tyubu inajisugua na kuchemka.

Tairi likichomoka kwenye rimu, inua gari, osha ukingo wa tairi na wa rimu mpaka usibaki mchanga, paka maji ya sabuni, kisha jaza upepo kwa kasi. Likigoma, zungushia mkanda wa kufungia mizigo katikati ya uso wa tairi na ukaze. Kingo zitatanuka zikaguse rimu. Ule mchezo wa kumwaga petroli na kuwasha kiberiti uache kabisa, hata kama umeuona ukifanikiwa.

Hatua ya 10: Lini ubadilishe

Meno ya tairi jipya la matope huwa na kina cha milimita 13 hadi 16 hivi. Sheria za nchi nyingi hukuruhusu kuendelea hadi milimita 1.6, lakini topeni tairi huwa limestaafu mapema sana. Likifika nusu ya kina chake, mapengo hayana tena nafasi ya kupokea na kutema. Kwa changarawe na miamba bado lina kazi. Pima kina sehemu tatu, katikati na mabegani pande zote mbili, kila unapozungusha matairi, na uandike pembeni ya ile namba ya upepo. Ukiona nusu inakaribia na msimu wa mvua uko mbele, anza kutafuta matano mengine sasa, kabla madimbwi hayajajaa.